Siafu wa Kigingi cha Tatu

Baba mdogo hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mpimaji wa ardhi, ofisi ni yake, na asubuhi ile alimgeukia binti wa kaka yake, ambaye kwa urefu wake kila mtu alimwita Twiga.

"Undugu tumeuacha nyumbani," akamwambia. "Kiwanja hiki pima wewe. Hesabu zikifunga bila kosa, mashine ya kupimia ni yako kuanzia leo. Zisipofunga, unarudi kwenye meza ya kuchora ramani."

Kisha, ili Twiga asije akamsingizia msaidizi makosa, akabeba yeye mwenyewe fimbo ya kulengea, ile inayosimamishwa kwenye kona ili mashine iilenge.

Kiwanja kilikuwa na kona tano, kila moja na kigingi chake. Twiga alizipima zote, akajumlisha juu ya boneti ya gari. Kona tano lazima zitoe nyuzi mia tano arobaini. Hilo halina mjadala, hata mkiitisha kikao. Zake zilizidi kwa karibu nyuzi moja. Akarudia kujumlisha, jibu lile lile. Miaka yote ya kusoma, aishie kunoa penseli!

"Haya, meza inakusubiri," alisema baba mdogo, huku akijikuna kifundo cha mguu.

Kule kujikuna ndiko kulikomzindua. Kigingi cha tatu kilikuwa karibu mno na cha pili, na kwenye mstari mfupi fimbo ikihama hata hatua ya mtoto, pembe inaharibika vibaya. Tena pale kwenye cha tatu siafu walikuwa wakipita na msafara wao.

"Baba mdogo, kwenye cha tatu fimbo uliisimamisha juu ya kigingi au pembeni?"

"Mimi nimeshika fimbo wewe hujazaliwa!"

"Kwa hilo nakupa shikamoo. Juu, au pembeni?"

Mzee akakohoa. "Pembeni kidogo tu. Wale wadudu wanauma, wewe!"

Twiga alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Basi naomba ukasimame juu yake. Undugu si tumeuacha nyumbani?"

Akaisimika mashine kwenye kigingi cha pili, baadaye cha nne, akikilenga cha tatu upya. Ndani ya lenzi fimbo ilikuwa wima, imetulia tuli, na aliyeishika akirukia mguu huu na ule, akiwatukana siafu na ukoo wao wote. Fimbo hakuisogeza. Twiga akampenda kwa hilo.

Akajumlisha. Mia tano arobaini, na sekunde chache, vipande vidogo vya nyuzi, za kusameheka! Akakokotoa mistari, kona hadi kona, mpaka ikarudi ilipoanzia, tofauti haifiki upana wa kidole. Akapiga kelele ya furaha hadi ndege wakatimka mitini.

Baba mdogo aliisoma karatasi polepole, suruali ameikunja magotini. Akamng'oa siafu wa mwisho, akatoa mfukoni ufunguo wa sanduku la mashine na kumwekea kiganjani.

"Kesho tuna shamba la bondeni," akasema. "Fimbo nitashika mimi. Wewe niambie tu nisimame wapi, mpimaji."