Upande wa Kushoto

Wendell Pruitt aliogopa Jumatatu kuliko Ijumaa. Ijumaa sekondari ya Harlan Springs ilicheza mpira, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi, na mji mzima ukafunga maduka kwenda uwanjani. Jumatatu jioni wazazi na wafadhili walikusanyika katika bwalo la shule, wakala nyama, wakawasha video ya mchezo, na Wendell, mpangaji wa mashambulizi, akasimama mbele yao kujibu mashtaka. Ndiyo desturi ya miji ile ya Texas. Mtu ambaye hajakimbia hata kufukuza kuku atakufundisha kushambulia huku mchuzi ukimchuruzika kidevuni.

Safari hii aliogopa zaidi. Timu ilikuwa imefungwa Ijumaa iliyopita, na Ijumaa inayokuja ndiyo ingeamua kama wataingia kwenye mtoano. Kocha aliyemtangulia Wendell aliamka asubuhi moja akakuta bustani yake imechomekwa vibao vya NYUMBA INAUZWA, naye hakuwa na nia ya kuuza. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshahama. Isitoshe, mrushaji wa timu, yule ambaye kila shambulizi huanzia mikononi mwake, alikuwa Tate, mtoto wa Wendell mwenyewe.

Rimoti ilikuwa mkononi mwa Bwana Besser, mwenye kinu cha pamba, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Besser alitaka vijana wasimame wamebanana, wakimbiaji wawili nyuma, kama enzi zake. Bi Verna Stukes, mke wa daktari wa meno, akasema enzi zake zilikufa, siku hizi wachezaji hutawanywa uwanja mzima. Wakatupiana maneno mpaka viazi vikapoa. Jambo moja tu walikubaliana.

"Kukimbia kulia, pasi kulia," Besser alisema. "Kwani kushoto kuna nyoka?"

Watu wakacheka. Wendell alijibu kwamba Tate hujisikia vizuri zaidi kulia, na hakusema uongo. Majuma machache nyuma mtoto alimwomba mwenyewe, "Baba, nipangie za kulia." Wendell alifurahi kuona mwanawe ameanza kuwa na maoni juu ya mchezo.

Besser akarudisha video nyuma. Kushoto kabisa, mdakaji pasi wa Harlan Springs alikuwa peke yake, mikono juu.

"Mwenye macho haambiwi tazama, Kocha. Huyu hapa anapunga kama muuza matikiti barabarani, na mwanao hata shingo hageuzi."

"Lakini moyo anao," Bi Verna alimtetea. "Hebu ona hilo jitu linavyomjia. Hata hatikisiki."

Ni kweli, beki mmoja mnene wa wapinzani alikuwa akija mbio kutoka kushoto. Wendell akatazama. Alikuwa amefundisha vijana wengi, majasiri na waoga, na hakupata kuona hata mmoja asiyejikunyata kabla ya kugongwa. Moyo unaweza kukataa kuogopa, ila bega lazima lipande. Bega la Tate halikupanda. Alisimama ametulia kama mtu anayesubiri chai, mpaka alipopigwa chini.

"Rudisha tena," Wendell alisema.

Akaiona tena. Kisha akakumbuka kioo cha kushoto cha gari, Tate alichokivunja kwenye nguzo ya sanduku la barua, na jinsi alivyomkaripia. Akakumbuka glasi ya maziwa iliyopigwa kumbo mezani. Akakumbuka mechi dhidi ya Dunlow, Tate alipogongwa kichwani, akainuka akicheka na kofia yake ngumu imekaa upande. Kioo, glasi, na sasa beki: vyote kushoto.

Angeweza kunyamaza. Angesema kosa ni lake, Ijumaa wataanza na kushoto, nao wangeridhika wakaenda zao kulala. Maneno hayo yalikuwa yameshafika ulimini. Hapo mlango ukafunguliwa, Tate akaingia kuchukua sahani yake, na watu wakampigia makofi. Besser akamwita mbele, akampa mkono.

Wendell alizunguka akasimama kushoto kwa mwanawe. Akainua kiganja usawa wa sikio, akakisogeza mbele polepole, mpaka vidole vikakaribia kugusa kope. Tate aliendelea kumchekea Besser. Hakupepesa. Cheko la Besser likakatika.

"Tate," Wendell aliita.

Kijana akageuza kichwa kizima, akakutana na kile kiganja, akashtuka. Kisha akaona bwalo zima linamtazama.

"Tangu lini?"

"Tangu Dunlow." Tate aligusa jicho la kushoto. "Nilidhani litapona, Baba. Niliogopa watatuchomekea vile vibao."

Hofu hiyo mtoto aliirithi kwa Wendell mwenyewe, mezani kwao, kila Jumatatu. Akamshika mkono wa kushoto wakaelekea mlangoni, aende naye hospitali. Rimoti bado ilikuwa mkononi mwa Besser. Kabla mlango haujafungwa, mtu mmoja wa viti vya nyuma akauliza, kwa sauti ya chini, Ijumaa sasa nani atarusha.

Wendell hakugeuka.