Mlezi Namba Kumi na Nne

Katibu wa kamati ya maadili ya utafiti tulimwita Muhuri, na hakuchukia. Alisema wako watu wanaoitwa vibaya zaidi kwa kazi mbaya zaidi. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, viti viwili visivyolingana urefu, na mafaili yaliyopangwa hadi dirishani, hata mwanga ukawa unaingia kwa kubembeleza.

"Washiriki thelathini," alisoma fomu yetu ya kufungia utafiti. "Waliojitoa, sifuri." Akanitazama juu ya miwani. "Sifuri kabisa? Hata harusini watu hutoroka kabla ya hotuba."

Daktari, mhadhiri aliyeniajiri, akacheka. "Msaidizi wangu ana ulimi wa asali. Nani amkimbie?"

"Asali nayo hunasa nzi," alisema Muhuri. "Haya binti, uliyehoji ni wewe. Weka sahihi."

Nikaweka bila kusita, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Maana mmoja alikuwa amejitoa.

Tulikuwa tunahoji watu waliouguza wagonjwa majumbani kwao kwa miaka mingi. Mmoja wao alikuwa mama yangu mdogo. Alimuuguza mama mkwe wake miaka sita, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, akimfulia mashuka kila alfajiri, mpaka bibi wa watu alipofariki. Alizungumza nami saa nzima, kinasa sauti kikiwa juu ya stuli kati yetu. Mwishoni akasema sentensi moja kuhusu marehemu. Sitaiandika hapa. Inatosha kujua kwamba ni neno ambalo mke hawezi kumwambia mume kuhusu mama aliyemzaa.

Kesho yake asubuhi alinifuata hadi jikoni kwetu.

"Mwanangu, yale ya jana yafute."

"Yote, mama mdogo?"

"Yote. Nilichoka, nikafunguka kama kabati bovu."

"Nitafuta."

Sikufuta. Nitasema sababu, ingawa sababu si udhuru. Mimi ni mtu wa stashahada, nafanya kazi katikati ya wenye shahada tatutatu ambao kila kitu kwao ni changamoto: njaa changamoto, msiba changamoto, choo kikiziba changamoto. Mama mdogo aliishia darasa la saba, na kwa maneno tisa alikuwa amesema kile ambacho wao wangekisema kwa kurasa tisa, na bado wasikifikie. Nilipoyasikiliza tena maneno yale nilisisimka mwili. Nikaona kuyafuta ni kuua. Basi nikalifuta jina lake, nikaandika Mlezi Namba Kumi na Nne, nikajidanganya kwamba nimemfunika.

Tulipotoka kwa Muhuri, Daktari alinishika bega pale kwenye ngazi. Kamati huagiza matokeo yarudishwe kwa washiriki wenyewe, na sisi tulikuwa tumewaalika Jumamosi pamoja na familia zao.

"Nitafungua na namba kumi na nne," alisema. "Sibadilishi hata mkato. Ukumbi mzima utalia."

Nikamkumbuka baba mdogo. Mume wa mama mdogo ni kinyozi, na kila kichwa anachokinyoa hukigawia maneno ya mkewe. "Mke wangu husema mlezi halali, anafumba macho kwa zamu." "Mke wangu husema mgonjwa ni mmoja, kitanda ni cha wote." Mtaa mzima unayajua. Mtu wa aina hiyo hahitaji kusikia jina. Maneno matatu ya mwanzo yangemtosha, na angeyasikia akiwa amekaa ubavuni mwa mkewe.

Mchana ule nilikwenda kwao kukiri. Nilimkuta mama mdogo akipiga pasi shati jeupe la mumewe.

"Baba yako mdogo anafunga saluni Jumamosi," alisema. "Eti mwanetu anatoa matokeo, yeye akae anyoe watu? Tangu jana anatafuta soksi zinazofanana. Sijui anaoa tena." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Yale yangu si uliyafuta?"

"Niliyafuta, mama mdogo."

Hivi ndivyo nilivyodanganya mara ya pili, mdomo wangu ukiwa bado na chai yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa Muhuri kabla hajafika. Nikamweleza yote. Sikulia, kwa sababu niliona kulia kungekuwa kumwomba anihurumie. Alisikiliza akizungusha kifuniko cha kalamu.

"Ukitaka kusamehewa, umekosea mlango," alisema mwishowe. "Hapa kuna utaratibu tu. Namba kumi na nne inatoka. Mkutano unaahirishwa. Daktari ataandika taarifa upya, na atakuchukia. Wewe hutahoji mtu tena kwa jina la chuo hiki."

"Sawa."

"Bado. Mshiriki lazima aambiwe kwamba maneno yake yalibaki, na ni nani aliyeyasoma. Naweza kumwandikia barua. Barua yenye muhuri hupokelewa na yeyote aliyepo mlangoni."

Nikaiona akilini bahasha hiyo mikononi mwa kinyozi. "Nitakwenda mwenyewe."

Akafungua droo, akanipa karatasi moja. "Fomu ya kujitoa. Ungempa siku ile, tusingekuwa hapa."

Mama mdogo alikuwa uani, anaanua nguo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, haraka, kabla ushujaa haujanitoka. Alikunja taulo, akalikunja tena, likawa dogo kama kitabu.

"Wamesoma wangapi?"

"Daktari, mchapaji, na mimi."

"Watatu. Na jana nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ukanijibu ukiwa unakunywa chai."

"Ndiyo, mama mdogo. Kwa nini niliyaacha... yalikuwa mazuri. Sijawahi kusikia mtu akisema vizuri namna ile."

Nilidhani namsifu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyesifia kufuli.

"Yalikuwa mazuri," alirudia. "Mimi nilikuwa nakufa, wewe ukaona mazuri." Akalitupa taulo kwenye beseni. "Unajua kwa nini sikukudai maandishi siku ile? Mtu wa chuo ningemdai. Ningemwambia andika hapa kwamba umefuta. Kwako nilisema kwa mdomo tu, nikarudi nyumbani nikalala."

Nikatoa ile fomu. Alikwenda kuchukua miwani, akaketi kwenye stuli, akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya kila neno. Ilichukua muda mrefu. Aliposhindwa neno moja aliuliza maana yake, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa na kuendelea.

"Tarehe naandika ya leo, au ya siku niliyosema?"

"Ya siku uliyosema."

Akaandika. Akatia sahihi. Akanitaka na mimi nitie, niandike na jina langu lote pamoja na cheo.

"Nakala yangu?"

"Nitakuletea."

"Hapana. Katoe sasa, dukani pale kona. Nakungoja."

Nikaenda, nikarudi na nakala ingali na joto la mashine. Nilimkuta kinyozi amefika kula, ameketi mezani na soksi mbili nyeusi mkononi.

"Mtafiti wetu!" akaita. "Nimezipata! Mbona mnapeana makaratasi, ni kadi ya mwaliko?"

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa anaikunja nakala yake ndogo sana, anaisukumia ndani ya blauzi.

"Mkutano umeahirishwa," alimwambia mumewe. "Huyu dada ametoka chuoni kutupa taarifa."

Kinyozi akacheka. "Dada gani? Si mtoto wetu huyu? Keti ule, mwanangu."

Nilimngoja mama mdogo aseme neno. Akampakulia mumewe, akajipakulia, akafunika sufuria.

"Ana haraka," alisema. "Chuoni wanamsubiri."

Nikaaga. Kinyozi peke yake ndiye aliyeitikia.