Kesi Iliyofunguliwa kwa Jina la Mzee Kalisti

Mzee Kalisti aliambiwa na Nesi Honorata mwenyewe kwamba amemshtaki. Ilikuwa asubuhi, naye amekaa kibarazani kwake Kagunga akiziba matundu ya wavu, alipomwona mama huyo anapanda kutoka ufukweni na bahasha ya kaki mkononi. Walisalimiana kwa Kiha kama siku zote, lakini Honorata alikataa kiti.

"Mzee wangu," alisema, "nimekukosea nini?"

Kalisti alidhani anataniwa. Miaka ishirini Honorata alikuwa muuguzi wa zahanati ya pale, na wajukuu watatu wa Kalisti walipokelewa na mikono yake. Alipostaafu aligombea udiwani akashinda kwa kura arobaini na moja. Sasa alitoa karatasi za mahakama zilizopigwa mihuri kila ukurasa, akamwekea mzee mapajani juu ya wavu.

Kalisti alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Karatasi zilisema kwamba yeye, Kalisti, mvuvi wa Kagunga, anaiomba mahakama itengue ushindi wa diwani. Zilisema ameapa kwamba jioni ya kuamkia uchaguzi alimwona Honorata kwa macho yake akigawa khanga na sukari. Chini kabisa palikuwa na sahihi yake, na ile K yake iliyolala ubavu.

"Sahihi ni yangu," alisema. "Maneno haya siyajui. Jioni hiyo nilikuwa hospitali Kigoma na mke wangu Merina, wamempasua tumbo. Wewe ndiye uliyetutafutia boti."

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza badala ya kununa."

Hapo ndipo Kalisti alipokumbuka. Mwezi mmoja baada ya uchaguzi walikuja watu wawili kutoka ofisi ya Wakili Bonaventura wa Kigoma. Walisema wanakusanya sahihi ili serikali itengeneze gati. Nani angekataa? Bonaventura alikuwa na jina. Zamani alisimama bure kwa ajili ya familia za mtaa wa Rusimbi zilizokuwa karibu kubomolewa nyumba, akashinda, na wanawake wakamsindikiza barabarani kwa vigelegele. Kalisti aliweka sahihi yake kwenye karatasi tatu bila kuuliza ya pili na ya tatu ni za nini.

Siku mbili baada ya Honorata kuja, alipanda boti kwenda mjini.

Wakili Bonaventura alimpokea vizuri. Alimwamkia shikamoo, akamwagizia soda, akamwuliza hali ya Merina kwa jina. Alikuwa mtu mnene, sauti yake ya taratibu, na ukutani kwake zilining'inia picha zake akiwa nje ya mahakama mbalimbali, amezungukwa na watu.

"Mzee, usijisumbue," alisema. "Kesi hii ina jina lako tu. Wenyewe ni wananchi."

"Wananchi gani, mwanangu? Mimi sikuona khanga wala sukari."

"Wapo walioona."

"Basi waandike majina yao."

Bonaventura alitabasamu, akainama kidogo mezani. "Nisikilize vizuri. Karatasi ile ni kiapo. Ukienda kusema hukuona, utakuwa umekiri kwamba uliapa uongo, na kuapa uongo ni jela. Sipendi mzee kama wewe afike huko. Rudi nyumbani, niachie mimi."

Kalisti alitoka bila kuigusa soda. Alikuwa ameanza kuteremka barabara ya kwenda Kibirizi kwenye boti aliposikia mtu anamwita nyuma. Alikuwa karani wa ofisi ile, mwanamke wa makamo aitwaye Skolastika, anakuja mbio na kandambili mkononi.

"Mzee, mimi ndiye niliyezichapa zile karatasi," alisema huku akihema. "Hukuapa mbele ya mtu yeyote. Nilijua, nikanyamaza."

Walisogea kwenye kivuli cha duka la mawese, naye akamweleza mambo ambayo Kagunga hayakuwahi kufika. Baada ya ile kesi ya Rusimbi, wanasiasa waligundua kwamba Bonaventura anajua kupigana, wakaanza kumtuma. Mwalimu mmoja wa Ujiji alishtakiwa kwa maneno aliyoyasema msibani kuhusu mgombea. Mtangazaji wa redio alishtakiwa kwa swali. Mwenyekiti wa mtaa alifunguliwa kesi nne ndani ya mwaka mmoja, kila moja ikipangwa mbali na kwake, mpaka akajiuzulu. Nyingi zilitupwa, lakini walioshtakiwa walikuwa wameshachoka, na kuwachosha ndiko kulikotakiwa. Kamati ya nidhamu ya mawakili ilikwisha kumpa onyo, kisha ikamsimamisha miezi sita kwa kutumia jina la mtu asiye na habari. Aliomba radhi kwa barua, akarudi kazini.

"Na jela?" Kalisti aliuliza.

"Mimi si mwanasheria, mzee. Lakini ningekuwa wewe ningemwambia hakimu mwenyewe, tena mapema. Ukikaa kimya, uongo unakuwa wako."

Nyumbani alimsimulia Merina kila kitu. Mkewe alikuwa bado anatembea ameshika ubavu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jela watakupa ugali. Hapa tangu juzi hata ugali huli. Nenda kaseme." Akafungua sanduku, akatoa cheti cha hospitali chenye tarehe, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe ziwani.

Siku ya kesi Kalisti na Honorata walisafiri boti moja, na watu wakashangaa kumwona mshtaki na mshtakiwa wanagawana mihogo ya kuchemsha. Mahakamani alikaa benchi la mbele. Bonaventura, ndani ya joho jeusi, alipomwona alisita hatua moja, kisha akaendelea hadi mezani kwake. Shauri lilipoitwa alisimama kusema kwamba upande wake uko tayari.

Kalisti naye alisimama. Alinyanyua mkono.

"Mheshimiwa, jina ni langu. Maneno si yangu."

Hakimu, mama mwenye miwani, aliweka kalamu chini. "Karibu hapa mbele, mzee. Sema taratibu."

Alisema yote: gati, karatasi tatu, soda, hata ile habari ya jela. Alitoa cheti kwenye mfuko wa nailoni. Bonaventura alidai kwamba mzee ametishwa na diwani. Hakimu alitazama tarehe ya cheti, akatazama tarehe iliyotajwa kwenye kiapo, akamwuliza wakili ni nani aliyeshuhudia mzee akiapa. Bonaventura alifunua jalada lake, akalifunua tena. Akasema ataomba muda.

"Muda sitoi," hakimu alisema.

Shauri lilitupwa kabla ya saa sita. Hakimu aliagiza nakala ya kumbukumbu za siku ile ipelekwe kwenye kamati ya mawakili. Kalisti alikuwa bado amesimama, viganja mbele kama anayesubiri pingu.

"Mheshimiwa, na mimi je?"

"Wewe nenda nyumbani, mzee. Mahakama haina neno na wewe. Umefanya vyema kuja."

Alitoka akakaa ngazini nje. Kisha njaa ikamkamata kama mtoto. Honorata alimpeleka kwa mama ntilie karibu na stesheni, akala samaki wawili aina ya migebuka kwa ugali wa muhogo, akaomba samaki wa tatu. Walicheka wote wawili bila sababu ya maana. Wakati ananawa mikono alimwambia, "Nisamehe. Niliweka sahihi bila kusoma."

"Ulishasamehewa kibarazani," Honorata alisema.

Miezi mitano baadaye Skolastika alimpigia simu. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda mbele ya kamati kueleza alichokiona, na sasa alikuwa na kazi nyingine Ujiji. Jina la Bonaventura lilikuwa limefutwa kwenye orodha ya mawakili.

Wiki hiyohiyo Kalisti alikutana Kibirizi na Mapendo, mchuuzi wa dagaa kutoka Rusimbi, ambaye alimkazia macho. "Wewe ndiye uliyemwangusha wakili wetu," alisema. "Bila yule, mimi leo nisingekuwa na nyumba."

"Najua," Kalisti alijibu. "Kwako alifanya kazi njema, na sitamwambia mtu vinginevyo. Kwangu alitaka nimsingizie uongo mtu aliyenipokelea wajukuu."

Mapendo akasogeza ndoo yake ili mzee apate pa kukaa wakisubiri boti. Ziwa lilikuwa shwari. Boti ilipotoka, Kalisti aliegemea gunia la mchele akalala, akaamshwa Kagunga na kelele za watu wanaoshuka.