Namba Aliyoiacha Ciru

...vitanzi tena, nageuza blanketi la viraka upande wa chini na vitanzi ndivyo hivyo, uzi umelala ovyo kama nywele za mtoto aliyekataa kusukwa, nikivuta kidogo tu kwa ukucha mshono wote unafumuka, na siwezi kumpa mjukuu wangu Shiko kitu kama hiki aende nacho Njabini kwenye baridi ile, kifuliwe mara moja viraka viachane, nguo za mama yake zitawanyike katika beseni la mwanamke mwingine... uzi nimeutoa nikautunga upya, mguu wa cherehani nikauinua kwanza kama Ciru binti yangu alivyonifundisha, Mum, ukitunga na mguu iko chini, uzi haiingii kwa hizo visahani za kuikaza, sindano nimebadilisha, nimeweka nene, bobini nimeitoa nikapiga brashi chini ya meno yanayosukuma kitambaa, na hapo brashi ikasimama, maana vumbi lililotoka lilikuwa jeupe, laini, la zile fulana za mtoto, kitu cha mwisho Ciru alichoshona hapa, tumbo limefika mezani, akicheka kwamba sasa anashonea mbali... "Mama Ciru, Kibe amepiga simu, ako Kangemi, ati jam ya magari imemshika," mume wangu Karanja anaita kutoka sebuleni, jam na imkalie hapo mpaka kesho, asifike kumchukua mtoto, Mungu anisamehe, Kibe si mkwe mbaya, alimlilia mkewe mpaka sauti ikakauka, ni mama yake Kibe aliyesema mbele ya watu baada ya mazishi, mtoto aende Njabini kwa mwenye jina lake, na nani angebisha, Shiko ni jina la mama huyo kweli, msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya wa upande wa baba, ndivyo tulivyoikuta desturi, na wa pili... wa pili angekuwa mimi, angeitwa jina langu, na huyo wa pili tulimzika na mama yake katika jeneza moja, zile fulana nyeupe zimekunjwa kando yake... nimekaza hata skrubu ya bobini, nikijua kabisa kwamba vitanzi vikionekana chini ugonjwa uko juu, nimegusa kila kitu isipokuwa hicho kigurudumu kidogo cha kukazia uzi wa juu, kiko kwenye namba mbili, Ciru alikilegeza kwa ajili ya fulana nyepesi, na tangu hapo hakuna kidole kingine kilichokigusa, chake ndicho cha mwisho, nikikizungusha kitakuwa changu, na yeye atabaki wapi... huko nje Shiko anamwogesha mwanasesere wake, "Tulia, utashikwa na homa," anamkaripia, na sauti ni ya mama yake tupu, hata ule ukali, Ciru ambaye hakuwa na subira na mtu, alikigeuza hicho kigurudumu mchana kutwa bila hata kukitazama, akishona sketi zake za kuendea kazini Hurlingham anakipeleka huku, akishona pazia anakirudisha kule, kila kitambaa na namba yake, angenikuta nimekaa hapa naogopa namba angenicheka, Mum, wacha hizo, mtoto atapigwa na baridi, na ni kweli atapigwa na baridi, mbili ilikuwa ya fulana, basi, ya fulana tu, kidole kiko juu yake, nazungusha, tatu... nne... nakanyaga polepole, sindano inapita gauni la Ciru la njano, inapita pamba, inatokea chini kwenye bitana, nageuza. Hakuna kitanzi. Navuta kwa ukucha, mshono haufumuki, na nalia, nalia kuliko siku ya mazishi, nimeziba mdomo kwa upindo wa blanketi mtoto asisikie... "Mama Ciru? Amepiga tena, bado ako hapo Kangemi. Unanisikia, Mama Ciru?" Nakusikia, nasema, naitikia jina langu, hilo hakuna anayekuja kulichukua, na ninavuta kiraka kinachofuata chini ya sindano.