Kimya Kwenye Roshani

Nyumbani kwetu, mama mkwe akiwa anachoma, hakuna anayefungua mdomo. Sheria hiyo aliingia nayo siku ile ile alipohamia kwetu na jiko lake la mkaa, baada ya baba mkwe kufariki. Mume wangu alilibeba jiko mpaka ghorofa ya tatu huku akihema, akalitua kwenye roshani, na roshani ikawa imejaa. Ni roshani ya watu wawili wembamba. Wa tatu akitaka kushiriki, asimame mlangoni na kukunja mikono.

Sheria ina sababu. Mama huyu ameuza vitu vya kuchoma kando ya barabara ujana wake wote, na kazi ile aliifanya kwa masikio. Akishaweka kitu kwenye wavu hukipa mgongo, akakatakata vitunguu au kukamua ndimu, kisha ghafla anageuka na kukipindua, nacho kimeiva upande huo sawasawa. Sisi tunaopasua nyama katikati ili tuchungulie rangi, alituona washamba. Alikuwa akituambia kwamba moto unasema wenyewe, sisi tunyamaze tu. Basi tukanyamaza. Hata jirani wa juu, ambaye mwanzoni aligomba kuhusu moshi na mashuka yake, alijifunza kushusha ndoo ndogo kwa kamba bila neno, akijua itapanda na kipande cha kwanza.

Na alitulisha. Hakuwa mtu wa mapishi mengi. Alikwenda sokoni, akatazama ni kitu gani wiki hiyo kimelundikwa mpaka kinamwagika, akanunua hicho hicho. Msimu wa viazi vitamu tulikula viazi vitamu vilivyochomwa na maganda yake, tukavipasua na kuvitia chumvi. Pilipili hoho zikijaa, tulikula hoho. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu, basi. Mimi natengeneza nywele za watu saluni, nasimama kutwa nzima, na jioni miguu inakuwa imevimba. Lakini nilikuwa naanza kunusa chakula changu tangu ghorofa ya kwanza, na zile ngazi zilizobaki nilizipanda karibu nakimbia.

Mambo yalianza kuharibika msimu wa biringanya, ila hatukujua. Biringanya huchomwa mpaka ganda liwe jeusi tii, ndipo unalimenya na kuponda nyama ya ndani. Nani angeshtuka kuona kitu cheusi kwenye wavu? Tulikula tukajilamba vidole. Kisha biringanya zikaadimika, samaki wakawa wengi, na siku moja samaki akaletwa mezani upande mmoja akiwa makaa matupu. Mama alisema mkaa wa siku hizi ni mbaya, tukakubali. Alipoungua mwingine tukaulaumu mkaa tena. Safari iliyofuata nilishuhudia mwenyewe. Mama alikuwa amesimama pale pale, jiko liko nyuma yake, anakata nyanya kwa raha zake, na samaki anawaka. Mimi na mume wangu tulikuwa mlangoni tumefumba midomo kwa heshima. Mpaka moshi ulipomfikia puani ndipo alipogeuka.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Nikaanza kuona kusudi, kwa sababu haikuwa samaki tu. Nilikuwa nikimwita kutoka sebuleni, haitiki. Naingia nasalimia, amenipa kisogo, anaosha vyombo kana kwamba hajaingia mtu. Nikiomba chumvi, kimya. Halafu Jumamosi akija saluni nimtengeneze nywele, mbele ya wateja, tunapiga soga na kucheka mpaka wenzangu wanasema nimebahatika kupata mkwe. Nikasema kumbe huyu ananipenda mbele za watu tu, nyumbani ananinunia. Nilimweleza mume wangu kwamba mama yake ametia pamba masikioni.

Mume wangu ni fundi umeme, na kwake kila tatizo la dunia lina dawa ya kuchomeka ukutani. Alileta jiko la umeme la kuchomea, lenye kengele ya kulia chakula kikiiva. Siku aliyotuonyesha kengele hiyo, mama alitutazama nyuso zetu kwanza, kisha akatabasamu. Akamshukuru mwanawe, akaliwekea jiko kitambaa cha maua juu, na tangu hapo ndipo tunapoweka mkate.

Samaki mwingine alipoungua, mume wangu alizungumza naye kwa upole wote alio nao. Alimwambia amefanya kazi ya kutosha, sasa apumzike, mkewe atapika. Mama aliinamisha uso, akawa anachambua miiba kwenye sahani yake. Kesho yake akatangaza kwamba anahamia kwa binti yake, wifi yangu, anayeishi mji mwingine. Simu hakutaka kuishika mwenyewe, alimwagiza mume wangu apige. Wifi alifurahi, akasema Jumapili atakuja kumchukua.

Nilipaswa kushusha pumzi. Badala yake chakula kikawa hakinipiti. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na baada yake hakuna mtu aliyewahi kunitengea chakula na kukifunika kwa sahani mpaka nirudi, isipokuwa huyu mwanamke anayenuka moshi. Nilimpenda. Na kwa kuwa nilimpenda, hasira ilizidi, maana mtu anayekununia halafu anaondoka, utamlilia vipi?

Jumamosi alikuja saluni ili asafiri akiwa na kichwa nadhifu. Nilimkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, mbele ya kioo kikubwa, nikasimama nyuma yake na kitana changu. Tukaanza kama kawaida. Nilimuuliza kama nambana sana, akasema nibane tu, kichwa chake ni cha zamani, hakivunjiki. Wateja wakacheka. Nikamuuliza kama kwa wifi kuna baridi, akanieleza habari za baridi ya huko mpaka blanketi atakalochukua. Kila swali na jibu lake.

Nilipofika kwenye nywele za kisogoni nilikizungusha kiti kuelekea dirishani ili nipate mwanga. Nikamuuliza kama ameshafunga mizigo. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Moyo ukanichemka, nikasema leo ameamua kunivunjia heshima hata kazini kwangu. Nikakirudisha kiti mbele ya kioo, nikamkazia macho humo, nikauliza swali lile lile huku nikijiandaa kwa ugomvi.

"Nimefunga tangu jana, mwanangu," akasema, kwa uso mkunjufu kabisa.

Kitana kilibaki hewani. Nikakizungusha kiti tena kuelekea dirishani, taratibu, kama mtu anayetafuta mwanga. Nikainama mpaka mdomo wangu ukakaribia shingo yake.

"Mama," nikasema, "sitaki uende."

Aliendelea kutazama nje, akipapasa ukingo wa taulo alilovaa mabegani. Ndipo nilipoelewa. Hapa saluni alikuwa anasoma midomo yangu kwenye kioo. Nyumbani tulikuwa tunamwita kutoka nyuma, kutoka chumba kingine, kutoka mlangoni, kama watu wote wanavyoitana majumbani mwao, naye alikuwa hasikii.

Nikazunguka, nikachuchumaa mbele yake na kumshika magoti. Aliyaona machozi yangu kabla sijasema kitu, akajua kwamba nimejua.

"Tangu lini?" nikamuuliza, nikifungua mdomo vizuri.

"Tangu mvua zile kubwa," akasema. "Moto umeninyamazia, mwanangu. Namweka samaki, nasubiri aseme, hasemi."

Nilimwambia twende hospitali. Akasema alishakwenda peke yake, siku aliyotuaga kwamba anakwenda sokoni, na akafungua mkoba kunionyesha kifaa cha sikioni alichopewa. Alikijaribu. Kinasaidia kidogo mtu akiwa karibu, lakini kwenye roshani kinapiga kelele zote kwa pamoja, magari na sahani na samaki, huwezi kujua nani ni nani. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, na kwa nini anaondoka.

"Kwa binti yangu hakuna anayenisubiri nichome," akasema. "Kwenu nyinyi, mnasimama pale mlangoni mmenyamaza kwa ajili yangu, na mimi nawalisha mkaa. Ile heshima siiwezi tena."

Akaniomba nisimwambie mwanawe, kwa sababu atanunua kitu kingine. Tukacheka, yeye na mimi, kila mmoja akijifuta na ncha yake ya taulo moja. Wenzangu walidhani ni soga zetu za kila Jumamosi.

Sikumwambia asiende. Maneno yale nilikwishayasema kwa kisogo chake, na sasa akinitazama machoni yalinikwama. Ningemwombaje abaki mahali panapomuumiza? Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba kabla hajaondoka anifundishe kuchoma, jioni ile ile, mimi niwe sikio na yeye awe mkono. Alifikiri kidogo, akasema haya, ila nisimtie aibu.

Tulipita sokoni tukachagua samaki mnene, macho maangavu. Nyumbani alimchana ubavuni, akampaka chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa, akamkamulia ndimu. Tukawasha mkaa, tukapepea, tukangoja makaa yashike jivu jeupe. Akamlaza samaki kwenye wavu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuligeuzia jiko mgongo. Alisimama akinitazama mdomo.

Hapo ndipo nilipogundua upumbavu wetu. Muda wote ule tulikuwa tumenyamaza kando ya jiko kama watu walio msibani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesikiliza. Nilisikia redio ya jirani, maji yakishuka kwenye bomba la ukutani, pikipiki barabarani, mtoto akilia ghorofa ya pili. Samaki nilimsikia kama kelele tu.

Mama alinieleza. Kwanza atapiga makelele, ni maji ya juu yanakauka, nisimjali. Halafu mafuta yataanza kudondoka kwenye makaa na atalalamika kwa vipande vipande. Akianza kunong'ona, ageuzwe. Nikingoja anyamaze kabisa, nimechelewa.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Nikamwambia bado anapiga makelele. Baada ya kitambo akauliza tena, nikasema sasa analalamika. Nikamsimulia kila kitu, tone likidondoka nikasema limedondoka, na yeye akafumba macho kidogo na kuyafumbua, akikubali kwa kichwa, kama anayepewa habari za ndugu aliyepotezana naye.

Mume wangu aliingia akatukuta hivyo. Kumuona mkewe anaropoka kando ya jiko, mbele ya mama yake, kulimshtua mpaka akasahau kushusha mkoba wa vifaa. Akajiwekea kidole mdomoni, macho yamemtoka, akinisihi ninyamaze. Mama alimuona.

"Mwache aongee, baba," akamwambia. "Mimi sisikii siku hizi. Huyu ananisikilizia."

Alisema hivyo kama anayesema chumvi imekwisha. Mume wangu alifungua kinywa, na kabla hajatoa neno akaambiwa asinunue kitu. Akaweka mkoba chini, akajipenyeza kwenye roshani ya watu wawili, akamkumbatia mama yake kwa nguvu hata mimi nikabanwa ukutani. Nilimsikia akimwomba radhi begani, mahali ambapo mama asingeweza kuuona mdomo wake. Nilimgusa nikamwonyesha kwa ishara. Akarudi nyuma, akainua uso, akaomba radhi upya.

Katika kubanwa huko nilisikia mnong'ono. Nikamgeuza samaki kwa koleo, nikasikiliza upande wa pili, na uliponong'ona nao nikamtoa na kumweka kwenye sahani, nimevimba kichwa. Nje alikuwa wa dhahabu. Mama alimpasua kwa kidole kando ya mfupa. Ndani alikuwa mbichi, nyama imeng'ang'ania mfupa.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nataka chakula hiki cha mwisho kiwe kizuri, aende nacho moyoni, na nimeshindwa. Mama alimwangalia samaki, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa.

"Baba, mpigie dada yako," akamwambia mwanawe. "Mwambie kesho asije."

Mume wangu akamuuliza kwa nini, akimtazama usoni safari hii.

"Mimi sisikii," akasema mama, akimrudisha samaki kwenye wavu, "na mkeo ana masikio mawili mazima lakini hajui kunong'ona ni kupi. Nikiondoka nyumba hii mtakula nini?"

Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Nilimshika mabega nikamgeuza anitazame, na maneno yaliyonikwama mchana yakatoka.

"Usiende, Mama," nikasema.

Alinitazama midomo. "Rudia," akasema, ingawa nilikuwa nimetamka vizuri.

Nikarudia. Akaniambia tena nirudie, nikarudia, na tukaendelea hivyo, yeye akitaka na mimi nikisema, mpaka mume wangu akatukumbusha kwamba samaki anaungua.