Hapa Imeandikwa Hapana

Saa moja asubuhi foleni ya kliniki ya kifua ilikuwa imeshakata kona. Fundi wa kuchomelea alikaa kwenye benchi akivuta pumzi fupi fupi, kama mtu aliyetoka kupanda ghorofa tano. Miezi minane iliyopita mionzi iliua uvimbe kifuani mwake. Iliunguza na mapafu, ikamwachia mwili usioweza kupambana hata na mafua. Vidonge vyake vilikwisha jana.

Mkewe, mpishi wa shule, alikumbatia kifuko cha karatasi chenye mizizi na maganda makavu: dawa ya Kichina ya kurudisha kinga. Wiki tatu alikuwa akiichemsha kwenye chungu, na mumewe alikuwa ameanza kumaliza sahani. Lakini juzi muuzaji mwenyewe alimwonya, "Mwonyesheni daktari. Hii na vidonge vya hospitali vinaweza kugombana kwenye ini."

"Usithubutu," alinong'ona mama aliyekaa pembeni yao. "Ukitaja mitishamba, faili linakwenda kwenye kamati ya dawa ya hospitali. Shemeji yangu alisema ukweli tangu mwezi wa pili. Kamati haijakaa, na vidonge hapewi."

"Inakosa viti?" fundi aliuliza.

"Inakosa haya."

Walipofika mezani, nesi aliuliza bila kuinua kichwa, "Anatumia mitishamba?"

Mpishi alikibana kifuko kwapani. Nesi akanusa hewa, akakiona kifuko, akashusha sauti.

"Mama, nimekuandikia hapana. Kifiche hicho, mwende mkatibiwe."

"Ahsante, sista." Aliona aibu jinsi alivyofurahi.

Daktari alisoma picha ya kifua, akavuta karatasi ya dawa.

"Mapafu bado. Naongeza dozi mara mbili."

"Na ini lake, daktari?"

"Litahimili. Si hatumii kitu kingine?"

"Na kama anatumia?"

"Hapa imeandikwa hapana."

Fundi alimkanyaga mkewe mguu chini ya meza. Mke akauvuta mguu, akaweka kifuko juu ya faili.

"Anakunywa hii. Asubuhi na jioni. Inamsaidia au inamuua? Hilo tu nataka kujua."

Daktari aliitazama mizizi, akaitazama saa. Kisha akaichana karatasi ya dawa, taratibu, vipande vinne.

"Hili sasa ni la kamati, mama. Mikono yangu imefungwa."

"Inakaa lini?"

"Haijapangwa."

"Mama watoto, twende," fundi alisema, na kikohozi kikamkunja.

Mkewe alimsugua mgongo mpaka kikapoa. Akachukua kalamu ya daktari, akakata neno hapana kwenye faili, akaandika ndiyo kwa herufi kubwa. Akavuta kiti chake karibu na cha mumewe, akakaa tena.

Nesi alichungulia mlangoni. "Anayefuata!"

"Hajafuata mtu bado," mpishi alisema. "Sisi hatujamaliza."