Kibanio Shingoni mwa Kiki

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Mama Numbi hakuwa mtu wa wivu. Kwa miaka ishirini na miwili ya uuguzi katika hospitali moja ya serikali mjini Lubumbashi, hakuwahi kumwonea mwenzake kijicho, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuonea. Kisha korona ikaja, na nyuma yake kikaja kibanio cha kupimia oksijeni: kidogo kama kiberiti, kinabana kidole na kutoa namba nyekundu, ambayo ikishuka chini ya tisini ni hatari. Kimoja kwa wodi nzima. Daktari akakitia uzi, akamvisha muuguzi mdogo Kiki.

Kiki alikuwa na miezi saba kazini na bado aliomba ruhusa ya kwenda chooni.

Tangu siku ile wagonjwa walimwita Dada wa Mashini, wakawa wanamnyooshea vidole kabla hajafika kitandani. Mama Numbi alikuwa na saa ya mkononi yenye kioo kilichopasuka, na macho mawili. Alihesabu pumzi za kila mgonjwa dakika nzima, kama alivyofundishwa, na hakuna aliyemnyooshea hata kidole gumba.

Asubuhi ya Alhamisi akaletwa Djamila wa Kamalondo, bibi harusi wa siku tatu, na homa yake na kikohozi chake. Kiki akambana kidole.

"Yaya Numbi, ona," alimwambia mkubwa wake. "Sabini na tisa."

"Mwenye mashini ni wewe."

"Mutungi ya oksijeni iko moja tu. Nimupatie yeye?"

"Mupatie."

Mama Numbi alikuwa ameshaona. Vidole vya Djamila vilikuwa vyeusi tii kwa hina ya harusi, kucha hazionekani, na kibanio kile hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kidoleni; hina ikiuzuia, namba hudanganya. Tena bibi harusi alikuwa akimsengenya mama mkwe wake bila kituo. Mtu wa sabini na tisa hana pumzi za mama mkwe.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa nne daktari angepita. Angeona mwenyewe, angeuvua uzi ule shingoni mwa Kiki mbele ya wodi nzima. Mama Numbi alikuwa na kazi moja tu, kunyamaza. Akatengeneza kola yake, maana shingo lazima iwe tayari.

Ili muda upite, akamhesabu pumzi Papa Mumba wa kitanda cha pili, mshona suti ambaye jana aliitukana suruali ya daktari kuanzia mshono hadi pindo. Thelathini na mbili. Leo hakutukana kitu. Akamhesabu tena. Thelathini na nane, na midomo inaingia rangi ya majivu.

Wivu ukamwambia: dakika ishirini tu. Saa iliyopasuka ikamwambia: pumzi arobaini.

"Kiki," alisema, na jina likamtoka kama jino. "Mubane Djamila ku sikio."

Kiki akambana sikio. Tisini na saba. Akatazama vidole vya bibi harusi, kisha akamtazama Papa Mumba, na wauguzi wote wawili wakaukokota mtungi hadi kwake.

Saa nne daktari akamkuta fundi amepata rangi. "Bravo, Kiki. Munaona faida ya mashini?"

"Dokta, ni Yaya Numbi ndiye…"

Daktari alikuwa amekwisha kujibana kidole chake mwenyewe, akiitabasamia namba.

Hivyo Mama Numbi akajikuta anakionea wivu kitu cha ukubwa wa kiberiti, dhambi ambayo sijui hata angeiungamaje. Akarudi kwa Papa Mumba, akainua saa.

Fundi akasogeza barakoa. "Unaangalia saa, Mama? Tunakuchelewesha?"

"Nyamaza. Unaniharibia hesabu."

Ishirini na sita. Papa Mumba akamnyooshea kidole.

"Miye sina mashini, Papa."

"Shika tu."

Akakishika. Kisha akageuka kuhakikisha kwamba Kiki ameona.